Bia ya mabaharia haikuwa ya ulevi

Jumamosi nilikuwa Plymouth na jamaa yangu, tumekaa Royal William Yard tunakula samaki, nikamwonyesha jengo moja kubwa la mawe nikamwambia hili lilijengwa liwe kiwanda cha bia cha jeshi la majini la Uingereza. Akaguna, "Ndo maana kaka, jeshi zima walikuwa walevi."

Imeniuma mpaka leo.

Jamani, ile bia ndo ilikuwa maji yao. Maji ya kwenye pipa yakikaa melini wiki kadhaa yanaota ukijani na kunuka, bia nyepesi ilivumilia kidogo, basi kila baharia akawa anapewa galoni moja kwa siku, kama lita 4 na nusu. Meli ya watu 500 ni galoni 500 kila siku ya Mungu.

Sasa ikichacha? Mwaka 1588 wametoka kuifukuza Armada, lile kundi la meli za vita za Wahispania, mkuu wao Lord Howard anaandika barua kwamba watu wake wanakufa Margate, malazi aliyowapatia ni mabanda tu, mishahara hawajalipwa, na mabaharia na manahodha wote wanaamini bia iliyochacha ndo imewaletea maradhi. Waliichanganya na bia mpya wakaipika tena, ikachacha vilevile. Haya, nakubali, huenda kilichowaua zaidi ni homa ya chawa na kuhara. Lakini mtu katoka vitani, anatetemeka kwenye banda la watu, unampaje kikombe kinachonuka siki?

Marehemu mjomba wangu alikuwa baharia wa meli ya mizigo. Tangi lao liliingia kutu wakanywa maji mekundu wiki mbili, anayachuja kwa kitambaa cha shati, na ofisini walijua. Alikuwa akilisimulia hilo sauti inabadilika.

Kwa hiyo serikali kupika bia yenyewe lilikuwa jambo la maana. Henry wa Nane alikuwa na viwanda vyake Portsmouth tangu miaka ya 1510, baadaye kikaja kiwanda cha Weevil kule Gosport. Hicho cha Plymouth hakikuwahi kupika, mgao wa bia ulifutwa 1831, jengo likaishia kuwa machinjio.

Mgao wa ramu, pombe kali ya miwa, ndo ukabaki, mpaka Julai 31, 1970. Kaka, kama unasoma hapa, ulevi wao katafute kwenye ramu, bia iache.