Kontena la giga 17

Jamani kuna faili la YAML, lile lenye maagizo ya GitHub ijaribu kodi yangu yenyewe, lilinitesa mpaka nikakonda. Kila nikipush, yaani nikiipandisha kodi huko GitHub, inafikiriaaa weee halafu inanipiga ekisi nyekundu, nikifungua nakuta ni spesi moja tu imezidi ndani ya amri, nasahihisha, napush tena, nasubiri tena. Komiti zangu, yale maelezo ya kila badiliko, ukizisoma utadhani kuna mtu anaomba kurudiana: "jaribio", "jaribio tena", "sasa itakubali", "jamani". Na repo, stoo ya kodi yangu, ni ya praiveti, akaunti ya bure, unapewa dakika 2,000 za majaribio kwa mwezi na mimi nazimalizia kwenye spesi.

Mshkaji akaniambia acha ushamba, weka kitu kinaitwa act, kinasoma workflow zako, hayohayo maagizo ya kwenye YAML, kinaziendesha hapohapo kwenye laptop ndani ya kontena la Docker, kama kikompyuta ndani ya kompyuta, kosa unaliona kabla hujapush. Nikaweka. Mara ya kwanza kinakuuliza unataka imeji ipi, yaani kifurushi cha kudownload cha kuundia hilo kontena: Micro haifiki mega 200, Medium kama mega 500, Large karibu giga 17 na ikishafunguka inataka diski zaidi ya giga 50. Large ndo inayokaribiana na mashine za GitHub zenyewe, sasa nijinyime kwa nini? Nikagonga enta.

Shida wifi ni ya mama mwenye nyumba, wapangaji tunachangia, na jioni hiyo Simba anacheza na Yanga. Haikupita muda sebuleni ni kelele tu, picha imeganda kona inapigwa. Mama akaja koridoni kuuliza nani anakula mtandao, akanikuta niko kwenye simu, nimeweka laudspika:

"Kaka kontena bado linashuka, na pa kuliweka sina."

"We nawe, kontena kubwa lote hilo la nini, si ungechukua dogo?"

Kimya. Halafu mlango ukagongwa taratibuuu, sio ule ugongaji wake wa tarehe za kodi.

"Baba, hongera."

"Shikamoo mama, ya nini tena?"

"Marahaba. Limefika lini bandarini?"

"Hapana mama, hili linashuka kwenye laptop."

"Najua baba, siku hizi kila kitu mtandaoni, hata ushuru watu wanalipia kwenye simu."

Usiku diski ikajaa, Large ikagoma. Nikafuta faili la .actrc lililotunza chaguo langu, kikaniuliza upya, nikachagua Medium, nikapiga act -j test, na kabla chai haijapoa kosa hilo hapo, spesi. Push moja, kijani. Kwa kazi kama yangu Medium inatosha kabisa, hiyo Large waachie wenye diski zao.

Ila mtaani habari ilishatoka. Asubuhi fundi wa gereji anaulizia tairi, dada wa chumba cha mbele anataka nimtengee friji la mtumba, na mama mwenye nyumba kakumbuka mkataba unasema miezi sita kwa mkupuo, sio mmoja mmoja kama nilivyozoea.

Nikamwambia mama, lile kubwa nimeachana nalo, lilikosa nafasi, nimechukua dogo. Akaguna, akaniangalia kwa huruma. Jioni narudi nakuta wapangaji wamekaa barazani, wakanyamaza wote, fundi akanishika bega: "Pole sana bro. Hata shemeji yangu walimzuilia lake hivyohivyo, likapigwa mnada."

Miezi sita nimelipa lakini.