Swali Lililo Wazi Si Swali Rahisi

Muhula ukielekea ukingoni, malalamiko katika vyuo vya hapa Mombasa huwa yale yale. Wanafunzi husema maswali hayaeleweki. Wahadhiri hujibu kwamba kizazi hiki kinataka kutafuniwa. Katikati yao wapo wachache wanaoomba swali liandikwe kwa lugha iliyonyooka, na hao ndio wanaoshutumiwa kwamba wanataka mitihani iwe laini.

Shutuma hiyo haiwatendei haki. Chukua mfano wa kubuni katika somo la usafirishaji, somo ambalo mji huu una haki ya kuliita lake: “Kontena lililoshushwa tarehe 3, lisilotolewa bandarini kabla ya tarehe 15, litatozwa kiasi gani ikiwa hakuna siku isiyolipiwa dola 20 isipokuwa zile zisizozidi 5 za mwanzo?” Mitihani yetu mingi ni ya Kiingereza, lakini ukungu ni ukungu kwa lugha yoyote.

Sasa liandike upya: “Kontena lilishushwa tarehe 3 na kutolewa tarehe 15. Siku 5 za mwanzo hazilipiwi. Kila siku inayofuata hutozwa dola 20. Mteja atalipa kiasi gani?” Je, limekuwa rahisi? Ugumu wake ndio kwanza umejitokeza: siku ya kushushwa inahesabiwa au haihesabiwi? Ikihesabiwa, jibu ni dola 160. Isipohesabiwa, ni 140. Aliyesoma kanuni atajua. Katika swali la kwanza, hata mtungaji huenda hakugundua kwamba hilo ndilo alilokuwa akilipima.

Halafu kuna muda. Karatasi nyingi za shahada hapa nchini hufuata mtindo mmoja: saa mbili, swali la kwanza la lazima lenye alama 30, kisha mawili ya kuchagua yenye alama 20 kila moja. Alama 70 kwa dakika 120 ni kama dakika moja na sekunde 43 kwa kila alama. Anayepoteza dakika tano akifumbua maana ya swali amepoteza muda wa alama karibu tatu kabla hajaandika neno. Na kwa kuwa lazima ayapitie yote ndipo achague mawili, hata swali asilolijibu humla muda. Pale ambapo alama ya kupita ni 40, alama tatu ndizo tofauti ya 38 na 41, yaani tofauti ya kurudia mtihani na kwenda likizo. Anayeumia zaidi ni yule aliyelelewa kwa Kiduruma nyumbani, akacheza kwa Kiswahili mtaani, na Kiingereza akakutana nacho darasani. Huenda hesabu anaijua vizuri kabisa. Matokeo hayatasema hivyo.

Upande wa pili nao una hoja, na si hafifu. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 haikuandikwa kumfurahisha msomaji, na wakala wa forodha lazima aielewe hivyo hivyo ilivyo. Pia, swali likikatwakatwa kuwa (a), (b) na (c), mtungaji anakuwa amempangia mwanafunzi hoja zake. Hili la pili nalikubali, hasa kwa mwaka wa nne. La kwanza lina dawa: weka kifungu chenyewe kwenye karatasi, kigumu kama kilivyo, kisha uliza kwa sentensi fupi kinamtaka wakala afanye nini. Hapo kusoma kunapimwa waziwazi, na kunapewa alama.

Kisichosemwa sana ni kwamba swali la ukungu humbeba mvivu. “Jadili usafiri wa baharini”, na mtu anamwaga daftari zima. Msahihishaji naye, akijua moyoni kwamba swali halikueleweka, hufunika kombe mwanaharamu apite: alama mbili hapa, tatu pale. Swali lililonyooka halimpi yeyote kati yao pa kujificha.

Kwa wenye ulemavu suala hili limekwisha kuvuka mipaka ya hisani. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inawapa haki ya kutumia lugha ya ishara, Braille au njia nyingine ifaayo. Vyuo hupenda kujibu kwa kuongeza dakika, na dakika zinasaidia. Lakini asiyeona, anayeambiwa “tazama mchoro” ambao hakuna aliyeueleza kwa maneno, utamwongezea dakika ngapi?

Dawa ya karibu haina gharama kubwa. Kabla karatasi haijaenda kwa mtahini wa nje, mpe mwenzako wa idara nyingine akwambie, kwa maneno yake, kila swali linataka nini. Tatizo ni ratiba: maswali hudaiwa wiki zile zile ambazo mhadhiri amezikwa na majaribio ya katikati ya muhula, kwa hiyo anafungua karatasi ya mwaka jana, anabadilisha tarehe, anaituma. Idara zinazotaka maswali bora zianze kwa kusogeza tarehe hiyo.