Bibi wa Benchi la Mbele

Mwaka B, mmoja wa miaka mitatu ya mzunguko wa masomo ya Misa, hufungua Majilio, majuma ya kuingojea Krismasi, kwa Isaya 64, pale nabii anapomwambia Mungu, “Sisi tu udongo, nawe u mfinyanzi wetu.” Nikasali: Bwana, nifinyange, nikawatumikie wenzangu. Ila kimoyomoyo nilishamchorea Mfinyanzi umbo ninalolitaka: msomaji wa neno, mimbarini, shati limenyooka.

Katekista akanitazama juu mpaka chini. “Wewe una sauti.”

Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

“Basi utakaa na bibi wa benchi la mbele. Masikio yamemchoka, uwe unamrudishia yanayosomwa.”

Misa haijafika popote bibi akauliza mbona Utukufu umerukwa. Nikamweleza kwamba wakati wa Majilio hauimbwi.

“Padre amesahau. Nenda kamkumbushe.”

Nikatulia kama sijasikia; na mimi masikio yangu yakachoka. Msomaji (alivyosoma sisemi, ni Majilio) akafika kwenye mstari wangu. Nikainama sikioni mwa bibi.

“Eti?”

“Sisi tu udongo, bibi.”

“Nani mchafu?”

“Udongo, bibi! Sisi sote!”

“Jisemee mwenyewe! Mimi nimeoga!”

Kwaya ikazama nyuma ya vitabu vya nyimbo. Msomaji akapoteza mstari, akausoma tena, na bibi akanigeukia: “Unaona? Anarudia!”

Baada ya Misa nilimkimbilia katekista anihamishe. Bibi alikuwa ameshanitangulia. Amenikubali, akasema, yule kijana wa mwanzo alikuwa ananong'ona tu.

Jumapili ya tatu ni Gaudete, Jumapili ya Furaha, ambapo padre anaruhusiwa kuvaa rangi ya waridi badala ya zambarau. Nguo yetu ya rangi hiyo ilikuwa ndiyo kwanza imenunuliwa. Padre akaingia nayo taratibu, wimbo umeisha, kanisa kimya. Bibi, ambaye macho yake hayana kasoro yoyote, akamkazia mpaka akafika altareni. Kisha akaninong'oneza, kwa namna anayojua yeye kunong'ona:

“Nani kaifua ile zambarau mpaka ikachuja hivi?”

Padre alikuwa ameshainua mkono wa kuanza ishara ya msalaba. Mkono ukabaki juu, mabega yakaanza kutikisika. Mwalimu wa kwaya, kwa huruma, akaanzisha tena wimbo wa kuingilia.