Kamba Sokwe Anaiweza, Mgao Je?

Tangu mtaala wa umilisi (CBC) uanze rasmi nchini Kenya mwaka 2019, wazazi wa Mombasa wamezoea kusikia habari za ushirikiano. Watoto wa chekechea hupewa kazi za vikundi kabla hawajajua kuandika majina yao. Kwenye mazungumzo ya walimu na wazazi hutolewa hoja inayovishwa kanzu ya sayansi: mtoto wa miaka miwili hushirikiana, sokwe hawezi. Nusu ya kwanza ina msingi. Ya pili inamdhulumu sokwe.

Msingi wenyewe ni majaribio ya mwaka 2006 ya Felix Warneken, Frances Chen na Michael Tomasello. Watoto wa miezi 18 na 24 walipewa kazi za watu wawili, mwenzao akiwa mtu mzima. Katikati ya kazi mtu mzima huyo aliacha ghafla. Watoto walimhimiza arudi. Wengine, wakishapata zawadi, waliirudisha ndani ya kifaa ili mchezo uanze upya. Sokwe waliopewa kazi hizohizo hawakujaribu hata mara moja kumrudisha mwenzao, na michezo isiyo na chakula haikuwavutia.

Si jambo dogo hilo. Lakini sokwe hao walikuwa watatu. Watatu! Tena walilelewa na binadamu, na mwenzao kazini alikuwa binadamu. Christophe Boesch, aliyewachunguza sokwe wa msitu wa Taï, Kodivaa, kwa miaka mingi, alilalamika mwaka 2007 kuhusu ulinganisho wa namna hii: mtoto hupimwa na kiumbe wa aina yake, sokwe hupimwa akiwa kifungoni, tena na kiumbe wa aina nyingine. Hesabu hiyo ya watatu mimi hainitoki kichwani. Chukua watoto watatu wa Kisauni, uwatenge na wenzao, uwalee porini, kisha uwape kazi pamoja na sokwe. Wakizubaa, utaandika kwamba binadamu hashirikiani?

Mwaka huohuo wa 2006, kisiwani Ngamba katika Ziwa Victoria upande wa Uganda, Alicia Melis, Brian Hare na Tomasello huyohuyo waliwapima sokwe kwa sokwe. Ubao wenye chakula uliwekwa nje ya kizimba, kamba moja ikapitishwa kwenye pete zake, ncha zote mbili zikabaki ndani. Akivuta mmoja peke yake, kamba huchomoka na chakula hubaki palepale. Ncha zilipokuwa mbali mno kwa mmoja kuzishika, sokwe alikwenda kumfungulia mwenzake mlango. Zilipokuwa karibu, mara nyingi hakujisumbua. Halafu kulikuwa na sokwe wawili wa kuchagua kama wenzi, Mawa na Bwambale. Wakishawajaribu wote, sokwe waliegemea kwa Bwambale, mvutaji bora. Huyo ni mnyama anayejua lini anahitaji mwenzi, na ni mwenzi yupi.

Watafiti haohao walionyesha pia kinachokwamisha. Sokwe wawili waliozoea kula pamoja bila ugomvi walivuta pamoja. Wasiovumiliana kwenye chakula walishindwa, ila walipobadilishiwa wenzi, kazi iliyowashinda waliiweza. Chakula kikirundikwa mahali pamoja, ushirikiano ulipungua. Kikiwa kimetenganishwa tangu mwanzo, uliongezeka. Akili ya kamba ipo. Kinachoogopwa ni mbabe atakayekomba vyote.

Na wakipewa uhuru? Mwaka 2016 Malini Suchak, Frans de Waal na wenzao walitoa matokeo ya sokwe 11 wa kituo cha Yerkes, Marekani, walioachwa wajichagulie wa kuvuta naye. Ushirikiano ulizidi ushindani takriban mara tano, na wadokozi waliepukwa au kuadhibiwa.

Penye mgao ndipo mtoto anapostahili sifa zake. Katika utafiti wa Katharina Hamann na wenzake wa mwaka 2011, watoto wawili wa miaka mitatu walivuta kamba pamoja, mmoja akajikuta na gololi tatu na mwingine moja. Aliyebahatika mara nyingi alimpa mwenzake moja ili wawe sawasawa, na alifanya hivyo zaidi pale walipokuwa wamefanya kazi pamoja kuliko gololi zilipopatikana bila jasho. Kwa sokwe, kufanya kazi pamoja hakukubadilisha chochote katika kugawana. Hapo nakubali, tofauti ipo na ni kubwa. Ingawa tusijivune mbio: kwenye uvuvi wetu wa pwani mwenye chombo ana fungu lake hata kama hakukanyaga baharini, na hakuna anayesema mabaharia hawajui kushirikiana.

Kwa hiyo kazi ya kikundi ikivurugika darasani, ningetazama vifaa kabla ya tabia. Sanduku moja la kalamu za rangi kwa watoto sita ni chakula kilichorundikwa. Ripoti ya muhula ikija na maneno "hashirikiani na wenzake", mzazi ana haki ya kuuliza sanduku lilikuwa mbele ya nani.