Litografia za nyumba za Waitaliano Malindi: zinunuliwe au ziachwe?

Maduka ya samani kuukuu hapa Malindi hupokea vitu vya nyumba za Waitaliano waliouza na kurudi kwao, na nyuma ya makabati na viti vya kamba hazikosi picha za kuchapwa zilizotiwa fremu. Chini kushoto pameandikwa kwa penseli 47/200, yaani nakala ya 47 kati ya 200, kulia pana sahihi isiyosomeka, na kwenye pembe pamebonyezwa muhuri usio na wino. Muuzaji atakwambia ni litografia na kwamba ni mali. La kwanza huenda ni kweli. La pili ndilo linalogawanya watu.

Wanaozinunua wana hoja ya maana. Katika Italia ya miaka ya 1960 na 1970, picha za namna hii hazikuwa za matajiri peke yao. Daktari au wakili aliweza kununua kazi ya msanii mkubwa kama Renato Guttuso kwa sababu ilitolewa kwa nakala nyingi. Na kila nakala ni kazi halisi: msanii alichora kwa chaki ya mafuta juu ya jiwe la chokaa, jiwe likaloweshwa maji, wino wa mafuta ukashika palipochorwa na kukataa palipolowa. Mbinu hiyo ilibuniwa na Alois Senefelder huko Munich mwishoni mwa miaka ya 1790, na mawe yanayosifiwa zaidi mpaka leo ni ya Solnhofen, Bavaria. Nakala zikitimia, jiwe husuguliwa kwa mchanga, mchoro ukafutika, likachorwa jingine. Kupata kitu cha namna hiyo kwa bei isiyozidi ya fremu yake si jambo la kudharau.

Wanaokataa nao wanajua wanachokisema. Kilichotolewa kwa wingi jana hakiwi adimu leo kwa sababu tu kimevuka bahari, na sahihi ya penseli haithibitishi mengi. Mwaka 1974 maofisa wa forodha wa Ufaransa walisimamisha gari lenye karatasi tupu zipatazo 40,000, zote zimeshatiwa sahihi ya mchoraji wa Kihispania, Salvador Dalí. Picha ilikuwa bado haijachapwa, sahihi ilishatangulia! Tangu hapo, ukiletewa Dalí mwenye namba na cheti, anza kwa kushuku.

Kinachowapoteza wanunuzi wengi ni ile hesabu ya penseli. Wapo wanaolipa zaidi kwa nakala ya 3 kuliko ya 180, wakidhani ya mwanzo ni safi zaidi. Kwa bamba la shaba lililochorwa kwa sindano wana haki, maana hulika upesi. Jiwe halichakai hivyo, na mara nyingi namba haziandikwi kwa mpangilio zilivyotoka mashineni. Wala kukosa namba si kasoro. Mchoraji wa Kifaransa Honoré Daumier alichora litografia karibu 4,000 katika karne ya 19, nyingi zikatoka gazetini Paris bila namba yoyote, na maandishi ya gazeti yakiwa mgongoni.

Mimi naamini jicho kuliko penseli. Azima kioo cha fundi saa, inama kwenye sehemu yenye rangi hafifu. Mchoro wa jiwe huonyesha chembe zisizo na mpangilio, nzito hapa, nyepesi pale, jinsi chaki ilivyopita. Ukiona vitone vilivyopangwa safu kwa safu, vya buluu, vyekundu, vya njano na vyeusi, hiyo ni picha iliyopigwa picha kisha ikachapwa kwa ofseti, mashine ileile ya kalenda za ukutani. Ofseti imezaliwa na litografia, kwa hiyo aliyeandika "litografia" kwenye cheti anaweza kukutazama usoni bila kupepesa. Forodha ndiyo iliyokata shauri: kifungu 97.02 cha orodha ya kimataifa ya bidhaa za forodha, inayofuatwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki pia, kinatambua litografia halisi pale tu msanii alipoitengeneza bamba yote kwa mkono, na kinakataa njia za mashine na za kupiga picha.

Halafu kuna hewa yetu. Kuvu hustawi unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 hivi, na Malindi hupita hapo sehemu kubwa ya mwaka. Karatasi iliyobanwa moja kwa moja kwenye kioo hugandana nacho, ukiibandua inachanika. Madoa ya rangi ya kutu hayatoki kwa kufutwa. Kabla ya kutaja bei, ondoa ubao wa nyuma utazame. Muuzaji akikataa, umeshajibiwa.

Kwa hiyo ningenunua ya zamani kwa ajili ya ukuta, kwa bei ambayo hata ikiliwa na nondo sitalala njaa. Pesa ninayotaka izae ningeipeleka kwa wasanii walio hai. Litografia ya jiwe haina mizizi Kenya. Wachapaji wetu wamezoea zaidi kuchonga mbao na lino, aina ya zulia gumu la sakafuni, na chapa za mbao za Peterson Kamwathi zinatosha kumnyamazisha anayedhani hiyo ni kazi ndogo. Anayetaka litografia hasa ya bara hili atazame Afrika Kusini, ambako Mark Attwood ameendesha karakana ya uchapaji ya The Artists' Press tangu 1991. Faida ya kununua kwa walio hai ni kwamba aliyeichapa picha unaweza kumuuliza zilitoka ngapi. Hasara ni bei, na soko la kuuzia tena ni dogo: mnada wa Circle Art Gallery wa Nairobi ulianza 2013 tu.

Linaloniudhi ni biashara ya kuchana vitabu. Charles Guillain, ofisa wa jeshi la majini la Ufaransa, alizunguka pwani hii kati ya 1846 na 1848, na kazi yake ikatoka na albamu ya litografia. Albamu za aina hiyo hukatwa, kila ukurasa ukauzwa peke yake. Wauzaji hudai kwamba ukurasa ukutani hutazamwa na kitabu kabatini hakitazamwi. Ni kweli, na uliokwisha kuchanwa siwezi kumlaumu anayeununua. Lakini hapa pwani tuna litografia zetu: misahafu na vitabu vya dini vilivyochapwa Bombay, mnakili akiandika kwa mkono wake na hati yake ikachapwa vilevile, bila kukatwakatwa na herufi za risasi. Vingine bado vimo majumbani. Dalali akibisha hodi kutafuta "kurasa mbili tatu za kutia fremu", asipewe hata moja.