Kate Smith na uzito wa sauti iliyoaminiwa

Aprili 2019, ndani ya siku nne tu, mwimbaji Kate Smith aliondolewa katika viwanja viwili vikubwa vya michezo nchini Marekani. Kwanza New York Yankees, timu ya besiboli, iliacha kupiga rekodi yake ya wimbo wa uzalendo "God Bless America", ambayo mashabiki walikuwa wakiisikia uwanjani tangu mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Kisha Philadelphia Flyers, timu ya hoki ya barafu, ikaifunika sanamu yake kwa kitambaa cheusi, na Jumapili ya Pasaka ikaing'oa kabisa. Sababu ilikuwa nyimbo mbili za kuwadhalilisha watu weusi, alizoziimba mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mwenyewe alikuwa amefariki tangu 1986.

Waliomtetea walisema anahukumiwa kwa vipimo vya zama zisizo zake. Waliofurahia kuondolewa kwake walisema hakuna sababu ya mtu mweusi kulipa kiingilio halafu asimame kwa heshima akimsikiliza mwanamke aliyewahi kumkejeli. Hoja zote mbili zina nguvu. Lakini nikiwasoma, naona pande zote zinapita pembeni ya jambo kubwa kuliko yote katika kazi ya mwimbaji huyu: aliaminiwa. Sauti yake ilikuwa nzuri, ndiyo, pana na yenye kifua, isiyohitaji madoido. Waimbaji wenye sauti nzuri walikuwa wengi. Walioaminiwa na taifa zima kiasi kile walikuwa wachache mno.

Alizaliwa Virginia mwaka 1907, akakulia Washington. Alipofika kwenye majukwaa ya Broadway, mtaa wa kumbi za maonyesho jijini New York, alitumiwa kuchekesha watu kwa unene wake. Katika onyesho la "Flying High" la mwaka 1930, mchekeshaji Bert Lahr alimtania usiku baada ya usiku mbele ya ukumbi uliojaa, na habari zinasema alikuwa akienda kulia chumbani kwake. Ted Collins, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya santuri ya Columbia, alimtoa huko, akampeleka redioni na kuwa meneja wake hadi alipofariki 1964. Redioni hakuna aliyemwona. Mwaka 1931 alianza vipindi vyake katika mtandao wa redio wa CBS kwa wimbo wa utambulisho "When the Moon Comes over the Mountain", na salamu yake ya kuwaamkia wasikilizaji wote ikaingia kila nyumba kama ya jirani. Baadaye akaongeza kipindi cha mchana ambacho ndani yake hakuimba kabisa. Alizungumza tu: mapishi, habari za siku, maoni yake. Watu wakazoea kumsikiliza kama mtu wa nyumbani.

Novemba 10, 1938, mkesha wa maadhimisho ya kumalizika kwa Vita Kuu ya Kwanza, aliimba "God Bless America" kwa mara ya kwanza redioni. Irving Berlin alikuwa ameutunga mwaka 1918 akiwa jeshini, kisha akauweka kando kwa miaka ishirini. Berlin alikuwa Myahudi mhamiaji, mzaliwa wa dola ya Urusi. Usiku wa kuamkia siku ile ile, kule Ujerumani masinagogi yalikuwa yakichomwa moto. Machi 1939 Kate Smith akaurekodi katika santuri, na mapato ya haki za wimbo yakaelekezwa kwa maskauti wavulana na wasichana. Si kila mtu aliupenda. Mwaka 1940 Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, na Wamarekani waliomuunga mkono Hitler waliupinga kwa sababu mtunzi wake ni Myahudi. Upande wa pili, mwimbaji na mtunzi Woody Guthrie aliuchoka kuusikia redioni, akaandika "This Land Is Your Land" kuujibu, maana aliona unafumbia macho njaa ya watu wa kawaida. Kwa hiyo wimbo huu umekuwa na wapinzani tangu mwanzo, wengine kwa chuki na wengine kwa hoja, na si haki kuwatia wote kapu moja.

Siku ninayoiona kubwa kuliko zote katika kazi yake ni Septemba 21, 1943. Serikali ilikuwa inauza hati fungani za vita, yaani kukopa fedha za vita kwa wananchi, na CBS ikampa Kate Smith siku nzima. Alianza saa mbili asubuhi, akamaliza saa nane usiku. Saa kumi na nane. Alikatiza vipindi vya wengine mara 65, kila mara akizungumza kwa dakika chache: habari ya mama aliyepoteza mwana, ya askari aliyerudi bila mguu. Simu zikafurika katika vituo vya redio. Ahadi za ununuzi zilifika dola milioni 39 kwa siku moja.

Mwanasosholojia Robert K. Merton wa Chuo Kikuu cha Columbia aliwahoji kwa kina wasikilizaji wapatao mia moja ili kujua nini kilitokea, na utafiti wake ukachapishwa 1946. Alichokikuta ni kwamba watu hawakushawishiwa na hoja. Sababu halisi ya kiuchumi ya kuuza zile hati, yaani kupunguza fedha mikononi mwa watu ili bei zisipande ovyo, haikuelezwa hewani. Walishawishiwa na yeye. Walisikia sauti ikichoka kadiri usiku ulivyosonga, wakaona anajitoa mhanga, wakaona haya kukaa bila kutoa chochote. Wengi walisema hana unafiki, hatafuti faida. Merton alikiri nguvu ya jambo hilo, na papo hapo likamtia wasiwasi: mtu anayeweza kuigusa mioyo ya mamilioni bila kuwapa sababu ana dhima kubwa kuliko muuzaji wa kawaida.

Wasiwasi huo wa Merton ndio ninaoutumia kuzipima nyimbo mbili zilizomponza.

Wa kwanza ni "That's Why Darkies Were Born" wa mwaka 1931, ulioandikwa kwa ajili ya onyesho la Broadway. Maneno yake yanadai kwamba ilibidi awepo wa kuchuma pamba, wa kupanda mahindi, wa kuwa mtumwa na bado aimbe, na ndiyo maana watu weusi walizaliwa. Wapo wanaousikia kama kejeli dhidi ya ubaguzi wenyewe. Paul Robeson, mwimbaji mweusi na mpigania haki ambaye hakuna awezaye kumshuku, aliurekodi mwaka huo huo. Hoja hii ni nzito na waliomwondoa Kate Smith hawakuijibu. Walitakiwa waijibu. Lakini watetezi nao wanaishia hapo, kana kwamba jina la Robeson linafunga mjadala. Robeson alipoimba kwamba watu wa rangi yake walibebeshwa mzigo wa wengine, msikilizaji alisikia mwenye maumivu akiyataja maumivu yake. Maneno hayo hayo katika kinywa cha binti mweupe wa Virginia, kwa utulivu wa wimbo wa kumlaza mtoto, yanageuka kuwa ruhusa. Anayetaka kuamini kwamba hali ilivyo ndivyo Mungu alivyopanga, anaipata hapo.

Wa pili hauna utetezi wa aina hiyo. Katika filamu "Hello, Everybody!" ya mwaka 1933, iliyotengenezwa kwa ajili yake, Kate Smith anaonekana akiimba redioni na kuwaelekeza wimbo watoto weusi walio katika kituo cha yatima. Anawaeleza pepo yao itakavyokuwa: imejaa matikiti maji makubwa, tunda ambalo wabaguzi wa Marekani walilitumia kuwakejeli watu weusi. Kamera inawaonyesha watoto wakisikiliza. Hapa hakuna kejeli ya kutafuta. Sauti ile ile ambayo miaka kumi baadaye ingewafanya watu watoe akiba zao, inamwambia yatima kwamba hata mbele ya Mungu amewekewa mahali pa mzaha. Kilichomfanya Kate Smith kuwa mkubwa ndicho kinachofanya dakika zile zikere, kwa sababu anaonekana anawapenda kweli wale watoto.

Watetezi wanasema zama zilikuwa hivyo. Ni kweli, lakini zama hizo hizo zilikuwa na watu wengine ndani yake. Juni 8, 1939, Rais Roosevelt alipomkaribisha Mfalme George VI Ikulu ya Marekani, Kate Smith aliimba. Marian Anderson aliimba pia jioni ile. Miezi miwili kabla, Anderson, mwanamke mweusi mwenye sauti iliyosifiwa Ulaya nzima, alikuwa amenyimwa ukumbi mkubwa wa Washington kwa sababu ya rangi yake, akaimbia nje kwenye ngazi za Mnara wa Lincoln mbele ya watu wapatao elfu 75. Kwa hiyo jambo hili halikuwa limefichika kwa Wamarekani wa 1939.

Na ushahidi upo kwamba Kate Smith mwenyewe hakubaki pale alipokuwa 1933. Mwaka 1945 alizungumza redioni akisema chuki za rangi na za dini ni magonjwa yanayoitafuna amani, na kwamba dawa yake inaanzia nyumbani na mtaani. Alilisema hilo kwa wasikilizaji wake wale wale, ambao baadhi yao lingeweza kuwaudhi. Sijui kwa nini hotuba hii haina uzito kwa wanaosema samaki mmoja akioza basi wote wameoza. Mtu aliyeimba nyimbo zile mbili na mtu aliyesema maneno yale ni mmoja, na kazi yake ilienda mbele zaidi ya miaka 30 baada ya hapo.

Kwangu, Yankees na Flyers walikuwa na haki ya kuchagua sauti nyingine. Wimbo wa kusimama uwanjani ni wa kuwakusanya watu, na ukishawagawa umepoteza kazi yake. Ila Flyers walikosea katika namna. Huyu si mtu waliyemwokota barabarani. Walianza kupiga rekodi yake 1969, na Mei 19, 1974 aliimba mwenyewe kwenye barafu kabla hawajaifunga Boston 1-0 na kutwaa Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa hoki, kwa mara ya kwanza. Mwaka 1987 wakamjengea sanamu. Baada ya nusu karne ya kulitumia jina lake, kumfunika Ijumaa na kumng'oa Jumapili bila kuwaita mashabiki weusi na weupe wasikilize nyimbo zenyewe na hotuba ya 1945 ni kukwepa mjadala. Mji wa Wildwood, New Jersey, unaopiga rekodi yake asubuhi kwenye njia ya mbao ya ufukweni, ulisema utaendelea kuipiga. Nao haukuwaeleza wasikilizaji wake kitu.

Swali hili litarudi hivi karibuni kwa njia ya sheria. Marekani inalinda rekodi za sauti zilizotolewa kati ya 1923 na 1946 kwa miaka 100. Santuri yake ya "That's Why Darkies Were Born" ya 1931 itakuwa mali ya umma Januari 1, 2032, na "God Bless America" ya 1939 itafuata 2040. Kwa miaka minane, yeyote atakayetaka kumtoa Kate Smith upya bila kumlipa mtu atakuwa na ule wimbo wa 1931 lakini hatakuwa na huu wa 1939. Makavazi yanayohifadhi matangazo ya CBS yana muda wa kutosha kuandaa hotuba ya 1945 na ile siku ya Septemba 1943, ili zitoke pamoja na ule wimbo wa 1931.