Historia ya nyota imepita Malindi mara mbili, mbona hatuisemi?

Nimechoka na ile hadithi ya falaki, elimu ya nyota, inayoanza kwa Wagiriki, halafu kimya miaka elfu na zaidi, halafu ghafla Copernicus na Galileo. Ndivyo tulivyosomeshwa skuli na ndivyo watoto wetu wanavyosomeshwa, mtoto wa Malindi anamaliza masomo anaijua darubini ya Galileo ya 1609 lakini hajui elimu hiyo hiyo ilifanya nini hapa kwao.

Kwanza hiyo miaka elfu watu hawakulala jamani. Aryabhata kule Bara Hindi mwaka 499 alishasema dunia inajizungusha yenyewe. Wachina 1054 waliandika habari ya nyota mpya iliyowaka mpaka ikaonekana mchana. Ulugh Beg pale Samarkand alitoa orodha ya nyota zaidi ya elfu moja mwaka 1437. Na yuko Ibn al-Shatir, huyu ndiye nimpendaye zaidi, kazi yake ilikuwa kuhesabu nyakati za swala kwenye msikiti mkuu wa Damascus, karne ya 14, na hesabu yake ya mwendo wa mwezi ndiyo hiyo hiyo unayoikuta kwa Copernicus 1543. Sisi tunaobishana kila mwaka kuhusu mwezi wa kufungua tungefaa tumjue huyu bwana kuliko mtu yeyote.

Na Pwani nayo haikukaa tu. Wazee wana msemo kuhusu kilimia, lile kundi dogo la nyota: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na hiyo ni kalenda kamili. Kilimia kinapotea magharibi baada ya machweo kuelekea mwezi wa tano, masika yamepamba moto, kisha kinazuka mashariki alfajiri mwezi wa sita. Mkulima wa Kigiriki zamani za mshairi Hesiod alikuwa anaangalia kundi hilo hilo ajue lini avune lini alime, na Wamaori wa New Zealand likizuka alfajiri ndio wanafungua mwaka. Watu ambao hawakuwahi kukutana, nyota zile zile, kazi ile ile.

Sasa njoo Malindi. Watalii wote wanapelekwa kwenye nguzo ya Vasco da Gama, wanapiga picha, wanaambiwa Mreno alifika 1498 akaenda India, basi. Lakini India alipelekwa! Mfalme wa Malindi alimpa rubani, wakang'oa nanga tarehe 24 Aprili, na 20 Mei walikuwa wameshafika Calicut, bandari ya India. Wengi hapa watakwambia rubani ni Ahmad ibn Majid, yule baharia mashuhuri wa Kiarabu, mimi siamini na wanahistoria wengi siku hizi wameliacha hilo, Barros, mwandishi wa Kireno wa karne ya 16, anasema alikuwa Mwislamu wa Gujarat. Barros huyo huyo anaeleza da Gama alimtolea rubani astrolabu zake, vyombo vya kupimia urefu wa jua na nyota angani, ya mbao kubwa na nyingine za chuma, na rubani hata hakushtuka. Akasema marubani wa Bahari ya Shamu wanavyo vyombo vya shaba vya kupimia jua na nyota, ila yeye na wenzake hutumia kingine cha vibao vitatu, akakitoa akawaonyesha.

Kifaa cha aina hiyo, kamal, ni kibao chenye uzi wa mafundo. Unauma uzi kwa meno, unanyoosha kibao mbele mpaka ukingo wa chini uguse upeo wa bahari na wa juu uguse nyota, fundo ulilofikia ndilo linakwambia umefika wapi kaskazini au kusini. Na hapa kwetu, digrii tatu kusini ya Ikweta, nyota ya jaa, yaani ile ya kaskazini, haionekani, imezama chini ya upeo, kwa hiyo rubani wa kutoka Malindi alilazimika kuzijua nyota za kusini na za kaskazini pia. Siku tano baada ya kuondoka ndipo Wareno wakaandika wameiona tena nyota ya kaskazini.

Mara ya pili ni Ngomeni, 12 Desemba 1970. Lile jukwaa la Waitaliano baharini ndipo iliporushwa satelaiti ya Uhuru, ya kwanza duniani iliyotengenezwa maalum kutafuta eksirei za angani, na jina ilipewa kwa sababu ilikuwa sikukuu yetu. Hewa ya dunia inazizuia eksirei hizo zisifike chini, kabla ya hapo wataalamu walitegemea sana roketi zinazochungulia dakika chache kisha zinaanguka, wakati Uhuru ilizunguka miaka miwili na zaidi ikaleta orodha ya vyanzo 339. Takwimu zake ndizo zilizosaidia watu kushuku kwamba Cygnus X-1, mojawapo ya vyanzo hivyo, ni shimo jeusi, kitu chenye mvutano ambao hata mwanga hautoki. Riccardo Giacconi aliyeongoza utafiti huo akapata Nobel 2002. Na Ngomeni ilichaguliwa kwa sababu karibu na Ikweta mzunguko wa dunia wenyewe unaipa roketi msukumo.

Kwa hiyo walimu wa fizikia wa Malindi, Magarini, mpaka Lamu huko, mkifika kwenye somo la eksirei msianzie hospitali. Anzieni Ngomeni.